Chesisi yenye kutu: wapi pa kuchomelea, wapi pa kubadilisha

Mwenye Land Cruiser au Land Rover akiona tundu la kutu kwenye chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya bodi, huuliza kwanza ukubwa wake. Swali hilo halisaidii sana. Tundu la upana wa kiganja kwenye mkono wa pembeni unaobeba bodi ni kazi ya siku moja. Tundu la ukubwa wa kidole kwenye mhimili mkuu, mmoja wa ile miwili mirefu ya chesisi, pale hanga (kishikio) ya springi iliposhika au pale boksi ya usukani ilipofungwa, linaweza kulitoa gari barabarani kabisa. Maswali yenye maana ni mawili: sehemu hiyo inabeba nini, na chuma kizima kinaanzia umbali gani kutoka kwenye tundu.

Huku Tanga gari halihitaji kuingia baharini ili liliwe na kutu. Upepo wa kusi huleta chumvi hadi uani, na chumvi ikishatua juu ya chuma huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo hata gari lililoegeshwa mwezi mzima linaendelea kuliwa. Yanayoumia zaidi ni pikapu za kubebea samaki kutoka Deep Sea, kwa sababu maji ya barafu yenye chumvi huchuruzika kutoka kwenye karai la nyuma hadi juu ya kroso memba, yaani chuma kinachounganisha mihimili miwili. Yapo pia ya mashamba ya chumvi, ya kuvuta boti, na yanayopanda kivuko pale Pangani. Likitoka huko likapanda Amani au Lushoto wakati wa mvua, udongo mwekundu hujaa ndani ya mihimili na kuziba matundu ya kutolea maji. Udongo huo ukishakunywa chumvi unakaa ukigusa chuma usiku na mchana. Ndiyo maana chesisi nyingi za pwani huoza kuanzia ndani: nje unaona rangi nzuri, ndani kumebaki karatasi.

Gari lililotoka Japani nalo lisikuhadae kwa ugeni wake. Mikoa ya kaskazini ya nchi ile hunyunyizia barabara chumvi ili kuyeyusha theluji. Kwenye karatasi ya ukaguzi ya mnada wa huko herufi S huonyesha kutu ya juu juu, na C huonyesha kutu iliyokwisha kula. Ukiona C na gari linakuja kuishi Tanga, omba picha za chini kabla hujalipa.

Ukaguzi wenyewe hauna haraka. Osha chini kwa maji ya presha, ingiza mpira wa maji ndani ya mihimili mpaka yatoke meupe, acha pakauke, kisha kwangua lami na rangi nene kwa tindo na burashi ya waya. Rangi ya lami huficha mengi, na mara nyingi hupakwa siku chache kabla gari halijauzwa. Chukua nyundo ndogo, ya nusu kilo au pungufu, upite ukigonga kila sentimita tano. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu. Hasa gonga chini ya mhimili, maana tope hulala huko. Penye shaka sukuma kwa bisibisi kubwa kwa nguvu za mkono. Bisibisi ikizama, hapo hapana chuma tena.

Halafu pima unene. Kipimo cha mawimbi ya sauti kikikosekana, toboa katikati ya ubavu wa mhimili kwa biti ya milimita 4, kamwe usitoboe ukingo wa juu wala wa chini, kisha ingiza ulimi wa vernia, kile kipimo cha milimita. Linganisha na sehemu nzima ya gari hilohilo. Mihimili ya Land Rover za zamani ni ya chuma cha takriban milimita 2, kwa hiyo ikisoma 1.3 theluthi moja imekwisha kwenda. Hapo ndipo ninapoweka mpaka: pakipungua zaidi ya theluthi, pahesabu kama pana tundu tayari. Kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu inasaidia sana, kwa sababu inaingia kwenye matundu ya maji na kuonyesha kutu iliyovimba ndani.

Usipitwe na kona hizi: mzingo wa mhimili juu ya ekseli ya nyuma, sehemu iliyofunikwa na tangi la mafuta, hanga za springi na shekeli zake (viungo vinavyoishikisha springi kwenye hanga), vishikio vya mikono ya ekseli kwenye Prado, na kila mahali bati mbili zimelaliana. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, hivyo ikizaliwa katikati ya bati mbili huzisukuma zikaachana. Ukiona mstari wa welding wa kiwandani umefura kama mkate, usiupige rangi, fungua uone. Paipu za breki zinazofuata mhimili nazo zikague siku hiyohiyo.

Sasa uamuzi. Chochote kinachofungwa kwa bolti na kubeba mwendo au usukani hakichomelewi: shekeli, yu-bolti, mikono ya chini ya ekseli, fimbo za usukani. Nunua kingine. Joto la welding hubadilisha chuma cha vitu hivi, na vinapokatika havitoi onyo. Springi ndiyo kabisa, usiweke hata cheche juu yake.

Mikono ya pembeni na kroso memba ya nyuma, usizitie viraka. Kata zote, weka mpya. Kwa Land Rover zinauzwa zikiwa zimetengenezwa tayari, na kroso memba ya nyuma hupatikana ikiwa na mikono mirefu inayovaa juu ya mihimili, kwa hiyo unachomelea kwenye chuma kizima, mbali na uozo. Fundi akitengeneza mwenyewe kwa bati la milimita 3 ni sawa, mradi apime nafasi za bolti za bodi kabla hajakata ya zamani.

Mhimili mkuu ndio wenye mjadala. Naukubali urekebishaji iwapo uozo uko mahali pamoja au pawili, una chuma kizima pande zote, na hauko kwenye hanga ya springi wala boksi ya usukani. Uozo ukiwa kwenye mzingo wa nyuma upande mmoja, kipande kizima cha nyuma kinaweza kubadilishwa. Ukiwa pande zote mbili, au kamera ikionyesha magamba urefu wote wa mhimili, acha kununua elektrodi za kuchomelea. Utalipa welding mwaka huu, utalipa tena mwakani sentimita kumi mbele yake, na gharama hizo zikijumlishwa hununua chesisi.

Ukichagua kuchomelea, egesha gari pasawa na pima mishazari ya chesisi, yaani kutoka bolti ya kona moja hadi ya kona inayoikabili, uandike. Chomelea engo (chuma cha pembe) kwa muda kuvuka sehemu utakayoikata ili mihimili isisogee. Toa betri, chomoa alteneta na kontroli boksi (kompyuta ya injini), shusha tangi la mafuta, sogeza nyaya na paipu, inua zulia la ndani. Klampu ya ethi, ile ya waya wa kurudishia umeme wa mashine, ibane karibu kabisa na unapochomelea, la sivyo umeme utapita kwenye bearingi. Awepo mtu na mtungi wa kuzimia moto, na abaki nusu saa baada ya kazi, kwa kuwa sponji huungua polepole.

Kata mpaka chuma kinachong'aa. Kiraka kilichobandikwa juu ya kutu ni kosa ninalokutana nalo kuliko yote, nalo ni baya: kinafungia unyevu ndani, na welding inashika bati lisilokuwepo. Kiraka kipite sehemu iliyooza kwa angalau milimita 50 kila upande, kiwe na unene uleule au kuzidi kwa milimita 1 tu. Wengi hupenda pleti ya milimita 6 wakidhani ni nguvu. Pleti ngumu kwenye mhimili mwembamba huhamishia mpindo wote ukingoni, na ufa huanzia hapo. Kwa sababu hiyohiyo ncha za kiraka zichongwe mshazari na kona ziwe mviringo. Welding iliyonyooka wima kuvuka mhimili ni mahali pa kukatikia.

Mashine ya MIG, inayochomelea kwa waya unaojilisha wenyewe, ikiwa na waya wa milimita 0.8 ndiyo inayofaa bati la aina hii. Kwa elektrodi, tumia aina ya 6013 ya milimita 2.5, kavu, kwa ampea 70 hivi. Chomelea vipande vya milimita 25 ukiruka huku na huku, na upime mishazari tena kati ya awamu. Ukipitisha mstari mmoja mrefu, chesisi itavutwa.

Baadaye paka praima ya zinki na rangi, halafu pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya mihimili kupitia matundu ya maji, ukihakikisha yamebaki wazi. Oili chafu ya injini haifai. Huvimbisha bushi na mipira, na mvua ya kwanza huiosha.

Ukiamua kubadilisha chesisi, iliyochovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, kwenye nyuzijoto 450 hivi, inalindwa ndani na nje, na kwa pwani yetu ninaipendelea kuliko nyingine zote. Ya mtumba itafute ya gari la bara, Dodoma au Singida, uipime mishazari na uipitishe kamera kama ile yako. Bodi ikiwa imenyanyuliwa, badilisha paipu za breki, bushi za bodi na bolti zote. Kazi hiyo baadaye ni mateso. Kwa Land Rover weka raba kati ya alumini ya bodi na chuma, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana kwenye unyevu wa chumvi alumini huliwa.

Kabla ya kukata chochote, tafuta namba ya chesisi. Kwenye magari mengi ya aina hii imegongwa mhimili wa kulia, mbele, karibu na gurudumu, na ndiyo iliyo kwenye kadi ya gari. Isafishe kwa burashi laini, ipige picha, usiipitishie grenda. Chesisi ya mtumba ije na kadi ya gari lililotoka pamoja na hati ya mauzo, na uende TRA (Mamlaka ya Mapato) kuuliza utaratibu wa kubadilisha taarifa kabla hujailipia. Namba isiyolingana na kadi hugeuka kesi siku trafiki watakapolikagua gari au siku utakapotaka kuliuza.