Nati ya Sampo

Kulboksi ilikuwa mapajani mwangu. Mwenzangu alitaka tuiweke nyuma na mizigo, nikakataa, maana ndani mlikuwa na chanjo za surua na matone ya polio, nami sikuiamini barafu ya asubuhi ile.

Tulikuwa wanne kwenye Cessna 206, tumetoka Arusha mapema kwenda kuendesha kliniki ya mama na mtoto bonde la Yaeda, wilayani Mbulu. Ilikuwa Agosti, kiangazi. Ndege ilikuwa imetoka kwa mafundi jana yake: ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka umefanyika, oili imebadilishwa, karatasi zimesainiwa. Nilipanda nikiwa na amani kuliko siku nyingine zote.

Cessna 206 mabawa yake yako juu, kwa hiyo ukikaa dirishani unaliona gurudumu chini yako safari nzima. Nililizoea likiwa na vumbi. Tulipomaliza kuvuka milima ya Mbulu nikaliona linang'aa, limelowa kitu cheusi kilichokuwa kinaburutwa na upepo kurudi nyuma. Nikainua kichwa nimwambie rubani, kumbe yeye anagonga geji kwa kidole. Akagonga tena. Ndipo ikaja harufu, kama ya kikaango kilichosahauliwa jikoni.

"Kapteni, kuna nini?"

"Presha ya oili imekwisha, Sista. Kazeni mikanda."

Akaita Meidei, wito wa hatari, mara tatu redioni, akageuza pua kuelekea mbuga ya Yaeda, ambayo masika ni kinamasi na kiangazi ni tope lililokauka. Injini ikaanza kugonga kama nyundo juu ya bati. Tukatetemeka hadi meno. Kisha mshindo mmoja, na propela ikaganda mshazari mbele ya kioo, ncha yake ya njano ikionekana waziwazi. Nilikuwa sijawahi kuiona ile njano tukiwa angani.

Watu hudhani ndege ikizima injini huanguka kama jiwe. Haianguki. Inateleza, na wewe unasikia upepo tu. Dakika tano au sita tuliteleza hivyo, mwenzangu akisali Baba Yetu, akifika mwisho anaanza upya. Mimi niliikumbatia kulboksi na kutazama mbuga ikipanda.

Magurudumu yaligusa, yakadunda, yakagusa tena. Gurudumu la mbele likazama kwenye tope laini chini ya gaga, mkia ukanyanyuka, ukarudi chini kwa kishindo. Mlango mkubwa wa nyuma uligoma, kwa sababu flapu, zile bapa za nyuma ya mabawa, zikiteremshwa huuzuia kwa juu usifunguke vizuri, basi tukapanda juu ya viti na kutokea mlangoni kwa rubani mmoja mmoja. Hakuna aliyevunjika hata kidole.

Kapteni hakukaa chini kupumzika. Alilala chali chini ya injini, akaniita. Palipokuwa na nati ya sampo, ile inayoziba bakuli la oili chini ya injini, palikuwa na tundu tupu. Lita zipatazo 11 za oili zilikuwa zimemwagika angani. Nati ile, akanieleza, ikishakazwa hupitishwa waya mwembamba unaosokotwa na kufungwa kando, ili mtikisiko wa injini usiifungue. Pale pa kufungia hapakuwa na waya, wala kipande kilichokatika. Haukuwahi kufungwa.

Baadaye tulisikia kwamba fundi aliitwa kwenye ndege nyingine kabla hajamaliza, aliporudi akadhani ameshafunga. Akasaini. Nilikasirika sana, na bado nakasirika. Kusahau ninakuelewa. Ile saini siielewi, kwa sababu kuchungulia chini kungemchukua nusu dakika.

Wachungaji wa Kibarbaig walitufikia kabla ya mtu yeyote, wakatupa maji na kukaa nasi chini ya bawa hadi gari lilipofika alasiri. Kulboksi sikuifungua mchana kutwa. Tulipofika zahanati nilisoma kipimajoto: 7. Chanjo hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Hapo ndipo nilipolia.

Safari iliyofuata, wiki tatu baadaye, nilimkuta Kapteni amepiga magoti chini ya ndege nyingine, ameshika tochi.

"Sista, njoo uone mwenyewe."

Nikainama. Waya ulikuwapo, umesokotwa vizuri, ncha yake imekunjwa. Niliugusa kwa kidole, nikafuta oili kwenye sketi, nikapanda.