Mabao Matatu ya Sumbawanga

Tarehe 2 Agosti 2020 ilikuwa Jumapili, siku chache baada ya Idi Kubwa na baada ya Rais mstaafu Benjamin Mkapa kuzikwa kijijini kwake Lupaso, wilayani Masasi. Kusini ilikuwa imekaa kimsiba wiki nzima, na nadhani ndiyo sababu watu walijaa mapema katika kibanda umiza cha mtaani kwetu Ruangwa: walitaka jambo jingine la kuzungumza. Nalo lilikuwapo. Namungo, timu ya wilaya yetu iliyokuwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, ilikuwa inacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Simba, huko Sumbawanga, pembe nyingine kabisa ya nchi.

Mimi ni Simba tangu utotoni. Timu hiyo sikuichagua bali niliirithi kwa mjomba wangu, ambaye wakati wa matangazo ya mpira redioni hakuruhusu mtoto hata kukohoa. Miaka hiyo hakuna mtu Ruangwa aliyeona ajabu kuipenda timu ya Kariakoo ambayo hajapata kuiona kwa macho yake, maana ya kwetu katika ligi ile haikuwapo. Namungo ilipopanda daraja ndipo mambo yalipoanza kuwa magumu. Tarehe 8 Julai mwaka uleule Simba ilikuja Uwanja wa Majaliwa, ikatoka sare ya bila kufungana na wenyeji, kisha ikakabidhiwa kombe la ligi palepale, na sote tukarudi nyumbani tumeridhika kwa kuwa sare haikumnyima mtu kitu. Fainali haina sare.

Kibandani, mashabiki wa Simba walikaa upande wa mlangoni na wa Namungo upande wa pili, wakiungwa mkono na watu wa Yanga, ambao kwa kweli ndio waliopiga kelele kuliko wote. Wiki tatu kabla timu yao ilikuwa imefungwa na Simba 4-1 katika nusu fainali, na siku hiyo Wauaji wa Kusini, kama Namungo inavyoitwa, walikuwa wamepata wapenzi wapya wa muda.

"Mjomba, leo uko upande gani?" nilimuuliza mzee.

"Mimi niko kwenye benchi, mjomba. Sogea huko."

Luis Miquissone alipofunga bao la kwanza nilipiga makofi, lakini makofi yangu yalikuwa ya adabu, kama ya mtu aliyealikwa kwenye harusi asiyoijua vizuri. Hata mzee mmoja wa upande wa pili alimsifu, akisema kijana huyo ni wa Msumbiji, na sisi na Msumbiji tumetenganishwa na Ruvuma tu. John Bocco akaongeza la pili kabla ya mapumziko. Kwa shabiki wa Simba hiyo ilipaswa kuwa saa ya kujinyoosha na kufurahia pasi za timu yake, nami nilikuwa nikihesabu dakika zilizobaki, nisijue nazihesabu kwa niaba ya nani.

Kipindi cha pili Edward Manyama akaifungia Namungo. Nilijikuta nimesimama, mikono juu, nikipiga ukelele uliowafanya wenzangu wa upande wa mlangoni wanigeukie. Akili yangu ilikuwa bado haijaamua lolote. Mwili ndio uliokuwa umetangulia. Tangu hapo hadi filimbi ya mwisho sikuona mpira tena, ila niliona hatari tu: Namungo wakipanda, naomba wafunge na papo hapo naogopa wasije wakafunga, Simba wakipanda, vivyo hivyo.

Jirani yangu wa benchi alikuwa mwalimu mgeni asiye na timu. Baada ya mchezo aliweza kunieleza bao la Manyama lilivyojengwa, nani alitoa na nani alikimbia bila mpira, ilhali mimi niliyekuwa nimekodoa macho nilikumbuka wavu tu. Wapo wanaosema mtu wa namna yake ndiye anayefaidi soka, na kwa upande wa kuona sina ubishi. Hata hivyo, zikiwa zimebaki kama dakika kumi, matokeo yakiwa 2-1, mwalimu huyo alitoka kwenda kunywa kahawa na kurudi taratibu bila kuuliza kilichotokea. Mimi hata mtu angeniambia nyumba yangu inaungua, ningeuliza kwanza zimebaki dakika ngapi.

Simba ilitwaa kombe. Mjomba alilipokea kwa furaha kamili, kwa kuwa kwake Namungo ilikuwa imechelewa mno kuzaliwa. Mimi nilipata nusu ya ushindi na nusu ya kipigo, na nusu hizo mbili hazikujumlika kuwa kitu kimoja.

Kwa kuwa Simba ilikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa kama bingwa wa ligi, Namungo ndiyo iliyokwenda Kombe la Shirikisho la Afrika kwa nafasi ya bingwa wa kombe lile, ikavuka hadi makundi na kupangwa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Haikupata hata pointi 1. Nilizitazama mechi hizo katika kibanda kilekile, na safari hii hakuna aliyeniuliza niko upande gani. Kila bao tulilofungwa liliniuma lote, na kila mchezo ulipokaribia nilikuwa wa kwanza kufika kuwahi benchi la mbele.