Kundi la damu la binti yetu

Leo nimelia kwa furaha. Binti yetu alipopimwa akaonekana ana kundi la damu AB, maneno yakaanza ukweni: mama A, baba B, huyu AB katoka wapi? Nimeyabeba wiki nzima, usingizi sipati. Leo muuguzi mmoja katuketisha, katueleza taratibu. Mtoto hurithi jeni mbili za kundi la damu, moja kwa mama, moja kwa baba. O hufunikwa na A au B. Lakini A na B hazifunikani. Zikikutana, zote hujitokeza. Tena kama sote wawili tumebeba O iliyojificha, tunaweza kupata hata mtoto wa kundi O! Mama mkwe kamkumbatia mjukuu wake, hakumwachia upesi.