Pumzi Iliyokuwa Ikipotea

Vijana wa mtaa wetu pale Buruburu waliipenda ile Subaru yangu kwa mlio wake. Ilikuwa Impreza WRX ya 2005, na kila ukiachilia mafuta ilitoa "pshaa!" ambayo ilisikika hadi kwenye kibanda cha mboga. Mwenyewe wa kwanza aliipeleka gereji fulani ikafungwa valvu nyekundu ya kumwaga hewa nje, pamoja na filta ya wazi iliyochongoka kama koni. Ukifungua boneti, vitu vilimeta. Wengi waliniambia nimeokota dhahabu.

Mjomba wangu, aliyefanya kazi ya ufundi Mombasa maisha yake yote, alifungua boneti hiyo Mei 2021 alipokuja kukaa nasi. Hakusifu kitu. Alitazama kwa muda, akapitisha kidole juu ya mpira mmoja mwembamba wa kupitishia hewa, kisha akaniuliza, "Mama, hii yala mafuta kiasi gani?"

Ilikuwa ikila mno. Bomba la moshi lilikuwa na masizi meusi, harufu ya petroli ilitufuata kwenye foleni za Jogoo Road, na ukikanyaga mafuta ili ulipite lori, turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, ilichelewa kuitika. Nami nilikuwa na ahadi. Safari Rally ilikuwa inarudi kwenye mashindano ya dunia mwezi wa Juni, kwa mara ya kwanza tangu 2002, na nilikuwa nimemwambia Mjomba kwamba tutaenda kuitazama Naivasha, mimi nikiendesha. Yeye ni mtu wa Subaru tangu zamani. Miaka ya ushindi anaijua kwa moyo: Kenneth Eriksson 1996, Colin McRae 1997, Richard Burns 2000. Ila anayemzungumzia kwa mapenzi zaidi ni Patrick Njiru, aliyeingia Safari ya 1993 na kile kigari kidogo cha Subaru Vivio akafika nacho mwisho.

Tukakubaliana kazi ifanyike nyumbani, uani. Kafyu ya korona ilianza saa nne usiku, na gari ulilolifungua nusu hapo nyumbani unaliacha lilivyo, unaingia kulala.

Jambo la kwanza alilotaka lilikuwa usafi, na ndipo nilipoanza kuielewa akili yake. Hakutaka maji ya mashine. Tulifunika alteneta na koili kwa mifuko ya plastiki, tukapaka dawa ya kutoa grisi, tukasugua kwa brashi ya rangi na mswaki mzee, kisha tukafuta kwa matambara. Uchafu huficha uvujaji, alisema. Kila mpira alioutoa aliufunga kipande cha tepu nyeupe chenye namba, na namba hiyo hiyo akaiandika kwenye kijitabu.

Injini ya Subaru ina mpangilio wake. Silinda nne zimelala ubavuni, mbili kulia, mbili kushoto. Turbo imekaa kulia, nyuma, karibu na ukuta wa dereva. Hewa iliyosukumwa na turbo inapanda kwenye kipoza hewa kilicholala juu ya gia-boksi, chini ya lile tundu la boneti ambalo watu wengi hudhani ni pambo. Kila kitu kilicho karibu na turbo huokwa mchana na usiku. Mipira myembamba ya upande huo ilikuwa imekauka. Mjomba aliukunja mmoja ukakatika vipande mkononi mwake.

Kisha tukatafuta mahali hewa inapotorokea. Tulinunua mfuniko wa bomba la plastiki la maji unaotosha mdomo wa mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye filta kwenda turbo. Fundi wa pancha akatupa valvu ya gurudumu, tukatoboa mfuniko katikati na kuipachika. Tukaukaza mfuniko kwa klampu, tukabana mipira ya kupumulia ya injini, nikaanza kupiga pampu ya mguu huku Mjomba ameinama juu ya injini na chupa ya maji ya sabuni. Aliniambia nisipite pauni 10 za presha, maana mpira huo wa kuingizia hewa haukuumbwa kubeba presha.

Mshale haukufika hata 5. Nilikanyaga, ukapanda, ukaanguka. Palikuwa na sauti ndogo, "fffff", lakini huwezi kujua inatoka wapi kwa sikio peke yake. Mjomba akanyunyizia. Chini ya ile valvu nyekundu, pale ilipokaa juu ya kipoza hewa, povu likaanza kufura: viputo vidogo vidogo kwanza, halafu kimoja kikubwa kikatuna na kupasuka, kikafuatwa na kingine. Gasketi yake ilikuwa imekatwa kwa mkono na haikulingana na matundu. Akasogea kwenye mpira mnene unaounganisha turbo na kipoza hewa, akaingiza kioo kidogo chini yake. Huko nako povu lilichemka. Mpira ulikuwa na ufa upande usioonekana, na klampu ilikuwa imekazwa juu kabisa ya ukingo wa paipu badala ya nyuma yake.

Hapo akanieleza, na mpaka leo namshukuru kwa maelezo yale. Gari hili lina sensa inayopima hewa mwanzoni kabisa, mara tu baada ya filta. Kompyuta inaamini kipimo hicho na kumwaga petroli kulingana nacho. Hewa ikitoroka njiani baada ya kupimwa, petroli yake imekwisha kumwagwa, na hewa ya kuiunguza haipo. Ndiyo maana ya masizi na harufu. Na ule mlio unaopendwa ni hasara ya aina hiyo hiyo: kila "pshaa!" ilikuwa hewa iliyopimwa ikitupwa nje. Valvu ya kiwandani huirudisha kwenye njia ya kuingilia turbo, kimya kimya. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi tayari. Sioni sababu ya kutupa kidogo tulichonacho.

Kesho yake nilikwenda Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, nikapata valvu ya asili iliyotoka Japani, gasketi yake, na boksi la filta la kiwandani pamoja na paipu yake inayovuta hewa baridi kutoka mbele. Ile koni ilikuwa ikivuta hewa ya ndani ya boneti, iliyokwisha kupashwa moto na injini. Niliongeza mipira ya silikoni na blanketi ya kuzuia joto la turbo. Kwangu hayo nayo ni marekebisho ya gari la kasi, tena yenye heshima kuliko rangi nyekundu.

Plagi zilitutoa jasho, kwa sababu kwenye injini iliyolala zinatazama mbavu za gari. Kushoto ni lazima utoe betri na tangi la maji ya kioo ndipo mkono upite. Mjomba alizifungua kwa vidole, bila kutazama. Zilitoka nyeusi tititi.

Tulipopima tena, nilipiga pampu mpaka 10 na kuinua mguu. Mshale ukakaa. Mjomba akanyunyizia sabuni kila kiungo, sabuni ikateremka bila kutoa kiputo. "Sasa washa," akasema.

Juni ilipofika tulishuka Mai Mahiu kuelekea Naivasha asubuhi mapema. Pale Kedong, sehemu mojawapo ya njia ya mashindano, magari yalizama kwenye vumbi laini kama unga mpaka ukaona paa tu, na Mjomba alipiga makofi kila dereva alipotoka upande wa pili. Sébastien Ogier ndiye aliyeshinda, na Takamoto Katsuta akawa wa pili. Wakati wa kurudi, kwenye mwinuko wa aina iliyokuwa ikinitesa zamani, niliweka gia ya tatu, nikakanyaga, na turbo ikaitika papo hapo. Mjomba aligonga dashibodi kwa kiganja, akacheka.

Siku iliyofuata tulifungua boksi la filta. Uso wa mbele ulikuwa umejaa vumbi la Naivasha; tukaugeuza, na upande wa ndani karatasi ilikuwa safi. Akaniagiza ninunue filta mpya na oili, halafu nianze kuweka pesa za mkanda wa taimingi, kwa sababu gari lilikuwa linakaribia kilomita 100,000 na kwenye injini hii mkanda ukikatika, valvu za ndani ya injini hugongana na pistoni.

"Nitakuja Agosti tuufunge," akasema. "Usimpe mtu mwingine."