Nilivyounganisha barua pepe, gumzo na meseji kwenye programu moja ya maswali

Maktaba yetu ilipokea maswali kwa njia tatu, na kila njia ilikuwa na mwenyewe. Barua pepe zilisomwa na mtu wa ofisini, gumzo lilikuwa kwenye kompyuta ya kaunta, na meseji ziliingia kwenye simu ndogo iliyokaa kwenye droo. Msomaji aliyeandika barua pepe asubuhi na kukumbushia kwa meseji mchana aliweza kujibiwa mara mbili, tena majibu yasiyofanana. Wengine hawakujibiwa kabisa, kwa sababu kila mmoja wetu alidhani mwenzake ameshamaliza. Hao ndio walioniuma, na kwa ajili yao nilikubali kushika kazi ya kuziunganisha njia zote tatu kwenye programu moja, ili kila swali liwe na namba yake, mtu wake, na jibu linalorudi kwa njia ileile lililojia.

Nilianza na barua pepe kwa kuwa niliiona nyepesi. Kuingiza mipangilio kulichukua dakika chache: IMAP, utaratibu wa kupokea barua, kwenye poti (namba ya mlango wa seva) 993, SMTP, utaratibu wa kutuma, kwenye poti 587, jina la akaunti na nenosiri. Maswali yakaanza kuingia, tukajibu, nikafurahi. Baada ya siku mbili msomaji akaja kaunta kuuliza mbona kimya. Jibu lake tulikuwa tumelituma, lakini lilikuwa limelala kwenye kikasha cha barua taka.

Kosa lilikuwa langu. Programu ilituma barua kutoka kwenye seva za wenye programu, huku anwani ya mtumaji ikiwa ya maktaba. Seva inayopokea huangalia rekodi ya SPF, orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina letu, iliyowekwa kwenye DNS, yaani daftari la majina ya mtandao, na seva zile hazikuwamo. Nikaongeza rekodi ya pili ya SPF, hali ikazidi kuharibika, kwa sababu kikoa kimoja, yaani jina la mtandaoni linalofuata alama ya @, kinatakiwa kuwa na rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, ukaguzi unashindwa na zote zinakuwa kama hazipo. Dawa ilikuwa kuzichanganya ziwe mstari mmoja, kisha kuweka ufunguo wa DKIM, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji, ili kila barua itoke na sahihi yake ya kidijitali. Mabadiliko ya DNS hayaonekani kila mahali papo hapo, kwa hiyo nilisubiri hadi kesho yake ndipo nikajaribu tena.

Halafu nikawasha jibu la kujiendesha: "Tumepokea swali lako." Usiku huohuo lilimfikia msomaji aliyekuwa likizo, naye alikuwa ameweka jibu lake la kujiendesha. Mashine mbili zikaanza kujibizana. Nilipofika asubuhi, foleni ilikuwa imejaa mamia ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza, na maswali ya kweli yamefukiwa humo ndani. Tangu mwaka 2004 upo utaratibu ulioandikwa kwa ajili ya jambo hili, RFC 3834: barua iliyotumwa na mashine ibebe alama ya Auto-Submitted kwenye mistari yake ya juu, ile ambayo msomaji haioni, na mashine nyingine ikiiona isijibu. Programu yetu ilikuwa na kisanduku cha kuiheshimu alama hiyo, nami sikuwa nimekitia tiki. Siku hizi naongeza na kinga ya pili: anwani moja haipati jibu la kujiendesha zaidi ya mara moja kwa siku.

Meseji zilinifundisha zaidi. Kampuni iliyotuuzia huduma ya kutuma iligonga anwani ya programu yetu mtandaoni, yaani kuipelekea taarifa, kila meseji ilipoingia, na programu ikichelewa kuitikia, kampuni iliigonga tena. Ndipo swali moja likawa matatu. Fundi wao aliniambia, "Ndugu yangu, itikieni kwanza, kazi mfanye baadaye," na ndivyo tulivyopanga: pokea, itikia, angalia kitambulisho cha meseji kama kimeshawahi kuingia, kisha ndipo ufungue swali. Namba za simu nazo tukaziandika kwa mtindo mmoja, alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi mbele. Kabla ya hapo, mtu aliyeandikwa kwa kuanzia na sifuri na yeye huyohuyo aliyeandikwa kwa msimbo wa nchi walihesabiwa kuwa watu wawili.

Jambo nililolitafuta wiki nzima lilikuwa salio. Lilikuwa linaisha upesi kuliko hesabu zetu. Meseji moja hubeba baiti 140, na kwa alfabeti ya kawaida ya GSM, orodha ya herufi za meseji za simu, hizo ni herufi 160. Ikiingia hata alama moja isiyomo kwenye alfabeti hiyo, meseji yote huandikwa kwa mfumo mwingine na nafasi hushuka hadi herufi 70. Ikikatwa vipande, kila kipande hubeba 67 tu. Jibu letu lililoandaliwa lilikuwa na herufi kama 150, na ndani yake mlikuwa na maneno "ng’ambo ya kaunta". Ile alama juu ya ng’ ilikuwa imepinda, imewekwa na programu ya kuandikia bila sisi kujua. Alama iliyonyooka imo kwenye alfabeti ya GSM, iliyopinda haimo. Kwa alama hiyo moja tulilipia vipande vitatu kila mara. Kwa anayeandika Kiswahili, chenye ng' kila mahali, nasema hili kwa mkazo: kagua alama hiyo kabla ya kuhifadhi jibu lolote la meseji.

Gumzo halikusumbua kiufundi. Unabandika msimbo mfupi kwenye tovuti na dirisha linatokea. Shida ilikuwa hali ya kuwepo. Mwenzetu alitoka kwenda rafuni bila kujiondoa, dirisha likaendelea kuonyesha kwamba tupo. Kwenye kumbukumbu nilikuta maneno ya mwanafunzi: "Habari," kisha "kuna mtu?", kisha "sawa." Hakuacha anwani wala namba. Siku hiyo nilipanga kwamba asiyegusa kompyuta dakika 5 ahesabiwe hayupo, na wote wakiwa hawapo, dirisha ligeuke fomu inayoomba barua pepe au namba ya simu.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua, natuma maswali matatu kwa kutumia simu yangu mwenyewe, moja kwa kila njia, halafu nakaa kusubiri majibu yarudi.