Kidole gumba ndani ya ngumi

Mwezi wa kumi na moja 2018 nilikuwa zamu ya usiku katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja hapa Goma, mashariki mwa Kongo. Vitanda vinne, mashine ya kupumulia moja. Mvua ilinyesha tangu jioni, na ilipokatika, wekundu wa volkano ya Nyiragongo ulirudi mawinguni, vile tulivyouzoea kabla ya mlipuko wa 2021.

Kwenye mashine alilala baba mmoja, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Alikuwa akiteremka kutoka Kibumba na magunia ya kabichi, lori likamgonga. Mbavu za kushoto zilivunjika, pafu likaumia, wengu ukapasuka ikabidi kuuondoa. Kichwa hakikuguswa. Mpira wa kupumulia ulikuwa kooni, kwa hiyo hawezi kusema, na midazolamu ilikuwa ikiingia mshipani ili alale. Kwa maumivu alipewa parasetamoli tu, gramu moja kila saa sita.

Kila baada ya saa tatu tulimgeuza asije akapata vidonda vya kulalia. Tukimgeuza tu, mashine inalia: mgonjwa anakohoa, anashindana nayo. Nami naongeza dawa ya usingizi. Mashine ikinyamaza naandika kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa: "Mgonjwa ametulia." Usiku wa kwanza niliandika hivyo, na wa pili pia.

Usiku wa tatu mkewe aliomba kuingia amfute miguu. Kanuni ilikataza, lakini alikuwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi na kitenge kimelowa, nikamfungulia. Tulipomgeuza mgonjwa, yeye alikuwa amesimama upande wa mkono wa kulia. Hakulia. Alisema polepole:

"Munganga, bwana yangu iko anaumia."

Nikamwambia, "Hapana mama, tumemlaza kwa dawa. Amelala."

"Angalia kidole. Siku ile jino lilimuuma usiku mzima, alikuwa anakificha vile vile."

Niliangalia. Kidole gumba kilikuwa kimeingia ndani ya ngumi, na vidole vinne vimekifunika kwa nguvu hata viungo vimepauka. Nikapandisha macho usoni. Nyusi zimeshuka, kope zimefinywa kabisa, si kope za mtu aliyelala. Tulipomrudisha chali, ngumi ilifunguka taratibu, kidole kimoja baada ya kingine.

Kwenye droo ya meza yetu kulikuwa na karatasi niliyopewa kwenye mafunzo, sikuwahi kuitumia. Ni kipimo cha maumivu kwa mgonjwa asiyeweza kusema, kilichochapishwa 2001 na Jean-François Payen na wenzake wa Grenoble, Ufaransa. Unaangalia vitu vitatu: uso, mikono, na jinsi mgonjwa anavyokubaliana na mashine. Kila kimoja kina alama 1 hadi 4. Jumla ya 3 ni mtu ambaye haonyeshi maumivu. 12 ndiyo ya juu kabisa. Ikipita 5, usikae. Karatasi moja, hakuna umeme wala kifaa.

Tulingoja atulie, tukamgeuza tena, nami naandika huku mwenzangu naye anaandika kwenye karatasi yake bila kuonyeshana. Mimi nilipata 9, yeye 8. Tulibishana juu ya kikohozi tu: yeye aliona bado anaivumilia mashine, mimi niliona anapigana nayo. Juu ya uso na mkono hatukuwa na la kubishana.

Nilimpigia daktari simu. Akaniuliza mapigo ya moyo. Tisini na mbili, Docta. Presha? Nzuri. "Basi haumii huyo." Mimi pia ndivyo nilivyofundishwa, kwamba mwenye maumivu mapigo yatapanda. Yanaweza kupanda, lakini yanapanda pia kwa homa, kwa damu kupungua, kwa dawa; na yanaweza kukaa palepale mtu akiwa anateketea. Nikamsomea alama zote mbili, nikamweleza kidole. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: mpeni mofini, miligramu tatu, polepole.

Mofini ni dawa kali ya maumivu; tunaiogopa, na sababu ipo: inapunguza pumzi. Lakini huyu pumzi alikuwa akipewa na mashine! Hofu yetu ilikuwa ya mgonjwa mwingine, tukaibebesha huyu. Na midazolamu, ambayo tuliimimina bila woga, haiondoi maumivu hata kidogo. Inamlaza mtu pamoja na maumivu yake. Ingekuwa ni dawa ya kulegeza misuli, hata kidole kile kisingejikunja, na karatasi ya Grenoble isingetusaidia kitu. Mgonjwa wa namna hiyo inabidi umpe dawa ya maumivu ukijua tu kwamba mbavu zilizovunjika zinauma.

Tulifungua kabati, tukajaza rejista, nikasukuma dawa nikiangalia saa ya ukutani. Dakika ishirini. Tukamgeuza. Nyusi zilishuka kidogo, mkono ukabaki umelala juu ya shuka, wazi. Alama 4. Mashine haikulia. Mkewe alitazama kiganja, akatutazama, akasema "Aksanti," akaendelea kufuta miguu.

Tangu hapo mofini ilitangulia kila mara tulipotaka kumgeuza, na kufika asubuhi dawa ya usingizi tulikuwa tumeipunguza nusu. Siku ya sita mpira ulitoka. Sauti ilikuwa imekwaruza, ikabidi niiname.

"Nilikuwa nafikiri chukudu inaniangukia," alisema. "Inaniangukia, inaondoka, inarudi tena."

Nilimwomba radhi, nikamweleza kuhusu usiku ule wa kwanza na wa pili. Alitikisa kichwa. "Mulikuwa munanigeuza nisioze, munganga."

Mkewe alikuwa ameketi kando ya kitanda akimkata kucha kwa wembe. Hakusema neno. Alikifungua kiganja cha kulia ili nione: katikati palikuwa na vidonda vinne vidogo, vimejipanga mstari, vyembamba kama ukingo wa ukucha, vimeanza kukauka.