Kinga ya Mwili Ndani ya Mishipa ya Moyo
Kusema kwamba lehemu (kolesteroli, aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu) peke yake ndiyo huziba mishipa ya moyo ni kueleza nusu tu ya habari. Lehemu inapopenya ukuta wa ateri, chembe nyeupe za damu huifuata na kuimeza hadi zikajaa mafuta, kisha hutoa kemikali zinazoita chembe nyingine, na mchochoto huo, yaani mwitikio wa kinga ya mwili unaoleta uvimbe, hudhoofisha utando unaofunika mafuta. Utando ukipasuka, damu huganda papo hapo. Mwaka 2017 utafiti wa CANTOS, uliohusisha wagonjwa 10,061, ulionyesha kwamba kanakinumabu, dawa inayotuliza mchochoto bila kushusha lehemu, ilipunguza mashambulio ya moyo. Hata hivyo, vifo vitokanavyo na maambukizi viliongezeka, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa hilo waziwazi.